Jengo Halipasui Mtu

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo naomba tuutumie usemi huo kutazama jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku moja tu, siku ambayo mgonjwa wetu yuko juu ya machela akisubiri kuingizwa kwenye chumba cha upasuaji.

Katika miaka hii tumeshuhudia ujenzi mwingi. Tangu 2017 mamia ya vituo vya afya nchini vimeongezewa wodi, maabara na vyumba vya upasuaji ili mama mjamzito asilazimike kusafiri mbali pale uchungu unapogeuka kuwa hatari. Ni kazi njema, na anayeibeza hajapata kumbeba mzazi kwenye bajaji usiku wa mvua. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, viongozi huhutubia, na sisi wa vyombo vya habari huitwa tukapiga picha ya ile taa kubwa inayoning'inia juu ya meza mpya. Lakini hapana mwandishi anayeitwa saa nane za usiku kutazama ni nani amesimama chini ya taa hiyo. Hilo ndilo swali langu la leo. Ni nani?

Swali hili si langu peke yangu. Mwaka 1980 Halfdan Mahler, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa upasuaji huko Mexico akawaambia kuwa watu wengi duniani hawapati upasuaji hata wa kawaida kabisa. Walimsikiliza, wakarudi makwao. Kwa miaka mingi baada ya hapo fedha za afya zilifuata chanjo, malaria, kifua kikuu na baadaye UKIMWI. Mambo hayo yote yalistahili. Lakini upasuaji ulibaki kama mtoto wa kambo, ukionekana kuwa ni anasa ya hospitali kubwa za mijini.

Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitoa hesabu yake. Lilisema watu bilioni 5 duniani hawana uhakika wa kupata upasuaji ulio salama, unaofikika kwa wakati na ambao mfuko wao unaumudu. Lilisema kila mwaka hufanyika operesheni zipatazo milioni 313, na kwamba nchi maskini kabisa, zenye zaidi ya theluthi moja ya watu wote wa dunia, huambulia asilimia 6 tu ya operesheni hizo. Wataalamu hao wakaweka vipimo. Mgonjwa afike mahali pa kupasuliwa ndani ya mwendo wa saa mbili. Kila watu 100,000 wapate operesheni 5,000 kwa mwaka. Na kila watu 100,000 wawe na madaktari bingwa 20 wa upasuaji, wa uzazi na wa usingizi wakijumlishwa pamoja, ifikapo 2030.

Sasa, msikilizaji, tuilete hesabu hiyo nyumbani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke. Kwa kipimo hicho, Temeke peke yake ingehitaji operesheni zipatazo 67,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 180 kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ingehitaji madaktari bingwa wapatao 270. Kinondoni, yenye watu 982,328, ingehitaji karibu 200. Na kwa nchi nzima, yenye watu 61,741,120, mabingwa hao wangekuwa zaidi ya 12,000. Unayesikiliza sasa hivi ukiwa Tandika, Mbagala, Kawe au Bunju, jiulize: unawajua wangapi walio karibu nawe?

Labda mtu atasema, Dar es Salaam haina shida hiyo. Muhimbili ipo, Taasisi ya Mifupa ipo tangu 1996, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo tangu 2015. Ni kweli, na mabingwa wengi wa nchi hii wako hapa hapa jijini. Lakini wamekusanyika katikati. Ukitazama ramani, Chamazi na Upanga ni karibu. Ukitazama foleni ya Barabara ya Kilwa, ni safari. Na ukifika salama, unakutana na foleni ya pili, ile ya wagonjwa, maana hospitali zetu za Temeke na Mwananyamala hazipokei wakazi wa wilaya zao tu, hupokea na wageni wa kutoka nje ya jiji. Kile kipimo cha saa mbili kinaweza kwisha mgonjwa akiwa ndani ya geti.

Tena upasuaji si mkono mmoja. Anayeshika kisu anamhitaji mwenzake wa kutoa dawa ya usingizi, ile tuliyozoea kuiita nusu kaputi, na wa kumwangalia mgonjwa mpaka azinduke. Anamhitaji muuguzi wa kumpa vifaa na kuhesabu pamba zisisahauliwe tumboni. Anamhitaji mtu wa maabara mwenye damu ya kundi sahihi. Anamhitaji fundi wa mtungi wa oksijeni na jenereta. Akikosekana mmoja, wengine wote hubaki wakitazamana.

Nilishuhudia jambo hilo mwenyewe mwaka juzi. Jirani yetu mmoja huku Mbagala alimpeleka binti yake kujifungua. Kituo sikitaji. Ilipofika usiku mtoto akawa amekwama, na daktari akasema huyu lazima apasuliwe. Chumba kilikuwepo, kipya. Umeme ulikuwepo. Daktari mwenyewe alikuwepo, amekwisha kunawa mikono. Aliyekosekana ni mtoa dawa ya usingizi. Kituo kizima kilikuwa na mmoja tu, naye alikuwa amekesha kazini siku tatu mfululizo, akaruhusiwa kwenda kwake Gongo la Mboto akapumzike. Nani atamlaumu? Mtu huyo naye ana mwili. Mtu mmoja alipokwenda kulala, chumba kizima cha upasuaji kililala naye. Binti akahamishwa kwa gari. Alipona. Mtoto alitoka amechoka sana, akalazwa wiki mbili kabla ya kurudi nyumbani. Walikuwa na bahati.

Basi tufanye nini? Tusubiri mpaka tupate mabingwa 12,000? Daktari husoma shahada yake miaka 5, hukaa mwaka mmoja wa mazoezi, na akitaka ubingwa huongeza mingine 3 au zaidi. Mama aliye katika uchungu hawezi kusubiri hayo yote.

Hapa ndipo historia yetu wenyewe ina la kutufundisha. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Viongozi wa wakati ule hawakuwa na anasa ya kusubiri. Mapema katika miaka ya 1960 walianzisha ngazi ya daktari msaidizi. Mtu aliyekuwa tabibu, aliyekwisha kutibu watu kwa miaka, alirudishwa chuoni miaka 2 akafundishwa pamoja na mengine upasuaji na uzazi. Vyuo vya aina hiyo vilikuwepo Ifakara, Mwanza, Moshi na kwingineko. Watu hawa ndio waliokwenda wilayani, wakakaa, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto huko huko. Wengi tunaosikilizana jioni ya leo, tuliozaliwa kwa upasuaji katika hospitali za wilaya, tulitolewa na mikono yao bila hata kujua vyeo vyao.

Lakini kwa miaka mingi palikuwa na mnong'ono. Je, mikono hiyo ni salama? Au kabwela amepewa daktari wa daraja la pili kwa kuwa ni kabwela?

Mnong'ono ule haukuachwa hivi hivi, ulipimwa. Daktari wa upasuaji kutoka Marekani, Colin McCord, aliyepata kufanya kazi Msumbiji, aliungana na Godfrey Mbaruku, daktari bingwa wa uzazi Mtanzania, pamoja na wenzao wengine akiwemo Staffan Bergström wa Sweden. Walikwenda Mwanza na Kigoma. Walifungua majalada ya hospitali, wakafuatilia zaidi ya operesheni 1,000 kubwa za uzazi. Wakawalinganisha akina mama waliopasuliwa na madaktari wasaidizi na wale waliopasuliwa na madaktari wenye shahada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Health Affairs la Marekani. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa imefanywa na madaktari wasaidizi, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili, iwe ni katika hatari waliyopata akina mama au katika ubora wa huduma.

Jirani zetu wa Msumbiji nao walikuwa wamepita njia hiyo. Mwaka 1984, vita vikiwa vimepamba moto na madaktari wakiwa wachache mno, walianza kuwafundisha mafundi wa upasuaji kwa miaka 3. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa katika hospitali za wilaya mafundi hao walikuwa wakifanya asilimia 92 ya operesheni kubwa za uzazi. Lakini mimi lililonishika zaidi ni jingine. Miaka 7 baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya mafundi hao walikuwa bado wako katika hospitali za wilaya. Na madaktari wa shahada waliopelekwa huko? Hata mmoja hakubaki.

Sisemi hayo kuwadharau madaktari. Daktari kijana anayeondoka wilayani ana sababu zake. Nyumba hana, posho ya kukesha inachelewa, mke wake anafanya kazi mji mwingine, na njia ya kujiendeleza iko mjini. Ukimpanga mtu mahali pasipokalika, usishangae akihama.

Nami sitaki kuificha hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina uzito. Wapo madaktari wanaosema operesheni huwa rahisi mpaka pale inapoharibika, na ikiharibika ndipo elimu ya miaka mingi inapohitajika. Ni kweli. Utafiti wa Mwanza na Kigoma haukulinganisha madaktari wasaidizi na mabingwa. Haukusema kila operesheni ifanywe na kila mtu. Hakuna mwenye akili anayetaka ubongo upasuliwe na mtu aliyefundishwa kutoa mtoto na kushona ngiri. Na kumwacha daktari msaidizi peke yake miaka 10 pasipo msimamizi, pasipo mafunzo mapya, pasipo namba ya simu ya bingwa wa kumuuliza, ni kumwonea yeye na kumwonea mgonjwa.

Lakini hoja hiyo ikikazwa mpaka mwisho, inatufikisha mahali pabaya. Inamwambia mama wa pembezoni: subiri aliye bora kabisa, na asipokuja, basi tena. Mtu wa Masaki ana gari na fedha za kumfuata bingwa popote alipo. Kwa mlalahoi, aliye kazini usiku ule katika kituo kile ndiye daktari wake.

Nikitaja Mbaruku, lazima niseme na hili. Kabla ya utafiti huo alikuwa amefanya kazi katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, wakati ambapo Kigoma ilikuwa mbali kweli kweli. Yeye na Bergström waliandika mwaka 1995 kilichotokea pale. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya wazazi hospitalini vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Walipata wapi fedha? Hawakuzipata. Walichukua hatua 22 za gharama ndogo, wakatumia vizuri vifaa vilivyokuwepo, wakayasikiliza mahitaji ya watumishi wenyewe, wakawajengea moyo wa kujiamini na kuwajibika, na wakarudisha imani ya wananchi kwa hospitali yao. Jengo lilikuwa lile lile. Walichokishughulikia ni watu.

Mwaka 2018 nchi yetu ilizindua mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na dawa ya usingizi, uliopangwa kwenda hadi 2025. Tulikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuwa na mpango wa namna hiyo, na hilo ni la kujivunia. Utafiti wa taifa wa hali ya afya wa 2022 nao ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vikiwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015 na 2016 ulionyesha 556. Hapo pana jasho la watu wengi, wakiwemo hao wanaokesha ambao picha zao hazitoki gazetini.

Lakini katika miaka ya karibuni mafunzo ya madaktari wasaidizi yalisitishwa, na njia iliyowekwa mbele ni ya shahada. Sina ugomvi na shahada. Nchi inayokua hutaka madaktari kamili, na vyuo vikuu vyetu sasa vinatoa wengi kuliko zamani. Ugomvi wangu ni na pengo. Madaktari wasaidizi waliopo wanazeeka na kustaafu. Anayestaafu kituoni anaacha zamu za usiku, anaacha mkono uliokwisha kupasua mamia ya watu. Nani anaingia mahali pake? Daktari kijana aliyemaliza mwaka wake wa mazoezi huenda hajapata nafasi ya kupasua peke yake mara za kutosha. Na mbaya zaidi, wapo vijana wenye vyeti vya udaktari na uuguzi waliokaa mitaani bila ajira, wakati vituo vinalia upungufu. Tulikwisha kuonja dawa hiyo miaka ya 1990, ajira serikalini ziliposimamishwa kwa masharti ya wakopeshaji, na hospitali zetu zikatumia miaka mingi kujaza mapengo yake. Yatosha kuumwa na nyoka mara moja.

Kwa hiyo, msikilizaji, nina mambo matatu ya kusema, moja kwa wakubwa na mawili kwetu sisi.

Kwa wakubwa: kila chumba cha upasuaji kinachofunguliwa kifunguliwe na orodha ya majina. Nani anapasua, nani anatoa dawa ya usingizi, nani anampokea mwenzake akichoka. Watoa dawa ya usingizi wawe wanne au watano, si mmoja. Na kama tumeufunga mlango wa daktari msaidizi, basi daktari kijana apewe miezi ya kusimama kando ya mwenye uzoefu kabla wote hawajastaafu. Ujuzi wa mikono hauandikwi katika faili la makabidhiano.

Kwetu sisi, la kwanza ni kuuliza. Kata zetu zina madiwani, mitaa ina wenyeviti, na kila kituo cha afya kina kamati yake yenye wawakilishi wa wananchi. Mkutano ukiitishwa, tusiishie kuuliza jengo limegharimu kiasi gani. Tuulize: mwezi uliopita zilifanyika operesheni ngapi? Usiku zilifanyika ngapi? Wagonjwa wangapi walihamishwa, na kwa sababu gani? Ukijibiwa kuwa chumba kimefanya operesheni 3 kwa mwezi mzima, umekwisha kujua kuwa kilichopo pale ni ghala lenye taa nzuri.

La pili ni damu. Serikali inaweza kuajiri daktari, haiwezi kutengeneza damu. Hiyo imo ndani yetu sisi wa Temeke na Kinondoni, mimi na wewe. Mtu mzima mwenye afya hutoa chupa moja akarudi kazini. Tusingoje mpaka ndugu yetu awe mezani ndipo tuanze kupigiana simu. Na ikitokea dharura ya mzazi, namba ya kupiga bila malipo kuita usafiri ni 115. Iandike leo ukutani, usingoje usiku wenyewe.

Tutaendelea kujenga, na tujenge. Ila siku utepe wa chumba kipya cha upasuaji utakapokatwa huko unakokaa, subiri hotuba ziishe, wageni wapande magari yao, kisha umfuate mganga mfawidhi umuulize kwa adabu: daktari, usiku wa leo yupo nani?